Kulabu na Kioo

Aliyewahi kusukuma gari lililozimika njiani anajua kwamba nguvu peke yake haitoshi. Ukiweka viganja kwenye kioo, kioo kinaweza kupasuka. Ukishika taa, taa itang'oka ubaki nayo mkononi. Fundi mzoefu atakuonyesha pa kushika: kwenye chuma, chini ya buti, pale palipo pagumu. Kisha atakuambia usilivamie, uliegemee tu, mpaka magurudumu yenyewe yakubali. Nimesukuma magari mengi kwenye tope la masika, na ndiyo maana niliposikia kwa mara ya kwanza habari ya rubani aliyeisukuma ndege ya mwenzake angani, tena kwa kioo cha ndege yake mwenyewe, nilisema moyoni kwamba hapo mtu katia chumvi. Angani hakuna ardhi ya kukanyaga ukapata nguvu. Hakuna wa kukuonyesha pa kushika. Na ukimgusa mwenzako vibaya, mnaanguka wote.

Chumvi haikuwamo. Marubani wa ndege za kivita wanasifika kwa soga kuliko hata wavuvi, na visa vyao nimevifuatilia kwa miaka mingi, nikivipekua kimoja baada ya kingine. Nilichokiona ni kwamba baadhi ya vile vinavyosikika kama uongo wa kijiweni ndivyo vyenye mashahidi, picha, na hata ndege yenyewe iliyobaki kama ushahidi. Na kila ninapokikaribia kisa cha namna hiyo, ule ujasiri uliokipatia umaarufu unapungua machoni mwangu, na kinachojitokeza ni mkono wa fundi: mwepesi, mvumilivu, unaorudia jambo dogo lilelile bila kuchoka.

Tarehe 10 Machi 1967, Kapteni Bob Pardo wa Jeshi la Anga la Marekani alipaa na F-4 Phantom kutoka kituo cha Ubon, Thailand. Nyuma yake katika ndege hiyo alikaa Luteni Steve Wayne. Katika kundi lao ilikuwamo Phantom nyingine ya Kapteni Earl Aman na Luteni Robert Houghton. Walikuwa wanakwenda kupiga kiwanda cha chuma cha Thai Nguyen, kaskazini ya Hanoi. Siwezi kusimulia kisa hiki nikajifanya sijui walichokuwa wamekwenda kufanya. Chini yao kulikuwa na watu waliokuwa wakiilinda nchi yao, na wapigaji mizinga wa Vietnam nao walikuwa mabingwa wa kazi yao. Ndege zote mbili zilipigwa. Ile ya Aman ilitobolewa vibaya zaidi, mafuta yakawa yanamwagika kama maji kutoka kwenye mtungi uliopasuka.

Hesabu ilikuwa nyepesi na chungu. Ndege za kuongezea mafuta zilikuwa zikisubiri juu ya Laos, na Aman asingezifikia. Injini zake zingezimika angali juu ya Vietnam ya Kaskazini, yeye na Houghton wangeruka kwa miavuli, na kilichokuwa kikiwasubiri chini ni kifo au kifungo. Pardo naye alikuwa amejeruhiwa ndege, lakini alikuwa na uwezo wa kuondoka. Hakuondoka.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa kwenye mkia. Phantom hubeba parachuti ndogo mwishoni kabisa mwa mkia, inayofunguka wakati wa kutua ili kupunguza mwendo. Pardo alitaka Aman aitupe parachuti ile, ili yeye aingize pua ya ndege yake ndani ya nafasi iliyobaki, asukume. Ikashindikana. Ndege inapopita huacha nyuma yake hewa iliyovurugika, na kadiri unavyoukaribia mkia ndivyo hewa ile inavyokurusha huku na huko. Aliyewahi kupishana na lori kubwa barabarani akiwa juu ya pikipiki ameonja jambo hilo kwa kiasi kidogo.

Hapo ndipo Pardo alipoifikiria kulabu.

Phantom ilibuniwa na kampuni ya McDonnell kwa ajili ya Jeshi la Majini, itue juu ya manowari za kubebea ndege. Ndege inayotua kwenye sitaha fupi hivyo haina nafasi ya kupunguza mwendo taratibu. Inateremsha kulabu nzito ya chuma kutoka chini ya mkia, kulabu inadaka waya uliotandazwa kukatiza sitaha, na waya unaisimamisha. Jeshi la Anga liliponunua Phantom zake, kulabu ilibaki. Kwa hiyo chini ya mkia wa Aman kulikuwa na kipande cha chuma kilichotengenezwa kustahimili kishindo cha kuisimamisha ndege nzima. Pardo alimwambia Aman aiteremshe. Kisha akaisogeza ndege yake chini na nyuma ya ile nyingine, taratibu, mpaka kulabu ikagusa kioo chake cha mbele.

Nataka msomaji atulie hapa kidogo, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Phantom tupu, bila mafuta wala silaha, ina uzito wa karibu tani 13. Mbili za aina hiyo ziko angani, zikienda kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa saa, na kinachoziunganisha ni ncha ya kulabu juu ya kioo. Nyuma ya kioo hicho kuna uso wa mtu. Anayesukuma haruhusiwi kusukuma kwa pupa. Akizidisha nguvu, kulabu itakivunja kioo na kumwingilia. Akipunguza, itachomoka. Na kulabu yenyewe haikufungwa mahali pamoja, inayumba. Kila baada ya sekunde 15 hadi 30 ilikuwa inateleza na kuachia, na kila ilipoachia Pardo alirudi nyuma, akajipanga upya, akasogea tena, akagusa tena.

Mtu hapati mkono wa namna hiyo siku ya vita. Rubani wa ndege ya kivita huupata kwa kuruka bawa kwa bawa na mwenzake, siku nyingi, mpaka mwili uuzoee. Anafundishwa kutoitazama dashibodi yake. Anachagua alama moja kwenye ndege ya kiongozi, taa au mshono wa bati, na kazi yake ni kuhakikisha alama ile haihami pale alipoiweka machoni. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, wa kushoto kwenye wenzo wa nguvu za injini, na yote miwili inatembea muda wote kwa kiasi ambacho aliyekaa karibu naye hawezi hata kukiona. Anayeanza hukosea kwa namna moja: akiona amebaki nyuma anasukuma wenzo kwa nguvu, ndege inakawia kidogo kuitikia, anasukuma tena, halafu ghafla anajikuta anamrukia mwenzake, anavuta kwa hofu, na mchezo unaanza upya, kila safari ukiwa mkubwa zaidi. Aliyeiva huomba kidogo, akangoja jibu. Kuomba kidogo na kungoja: sijui kama kuna maneno bora zaidi ya kuuelezea urubani.

Mafuta ya angani hutiwa kwa mkono huohuo. Ndege ya kivita inajiweka chini na nyuma ya ndege kubwa ya mafuta na kukaa hapo kana kwamba imetundikwa, huku bomba likishushwa na kuingizwa mgongoni mwake. Marubani waliokuwa wakitoka Ubon kwenda Hanoi waliifanya kazi hiyo kila mara, wakienda na wakirudi. Kwa hiyo Pardo alipojiweka chini ya mkia wa Aman alikuwa mahali ambapo mikono yake ilipajua, isipokuwa safari hii aliuvuka ule mpaka ambao kila mafunzo yanamkataza rubani kuuvuka, akagusa.

Ndege ya Aman ilikuwa inashuka futi 3,000 kila dakika. Iliposukumwa, ikawa futi 1,500. Bado ilikuwa inashuka. Pardo hakuwa anaibeba, alikuwa anaununua muda wake kwa nusu ya bei. Kisha kioo kikaanza kufanya ufa. Akarudi nyuma, akatazama, na akaihamisha kulabu hadi kwenye chuma kilicho chini ya kioo, pale kinapokutana na pua ya ndege. Niliposoma hapo nilimkumbuka yule fundi wa tope la masika: shika kwenye chuma.

Injini za Aman zilikuwa zimeshanyamaza. Halafu injini ya kushoto ya Pardo ikashika moto, akaizima. Sasa injini moja ilikuwa inazihangaikia ndege mbili, na kulabu bado inateleza, na bado anarudi kuigusa. Kwa jumla alisukuma karibu maili 88, yaani kama kilomita 142. Walivuka Mto Mweusi, wakaingia Laos. Walipofika kama futi 6,000, Aman na Houghton walijifyatua na viti vyao, na baada ya muda mfupi Pardo na Wayne nao wakaruka, maana hata wao mafuta yalikuwa yamekwisha. Wote wanne waliokolewa na helikopta.

Pardo hakuwa wa kwanza kujaribu. Katika vita vya Korea, Septemba 1952, Robinson Risner aliingiza pua ya F-86 yake kwenye tundu la moshi la ndege ya mwenzake, Joe Logan, ambaye mafuta yake yalikuwa yanavuja. Mafuta na oili vikammwagikia Risner kwenye kioo asione mbele, na hewa iliyovurugika ikawaachanisha. Akarudi akagusa tena. Aliifikisha ndege ile karibu na kisiwa cha Cho-do, mahali pa waokoaji. Logan aliruka, akatua baharini, akanaswa na kamba za mwavuli wake, akazama. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi, maana simulizi za marubani hupenda kuishia pazuri. Risner alifanya kila kitu sawasawa, na Logan akafa. Ufundi haukupungua thamani kwa sababu hiyo.

Kuna kisa kingine ambacho hata waliotengeneza ndege yenyewe walikikataa. Mei 1983, juu ya jangwa la Negev, rubani wa Israeli Zivi Nedivi alikuwa kwenye F-15 katika mazoezi ya mapigano dhidi ya ndege za A-4. Moja ya A-4 iligongana naye. Rubani wa A-4 aliruka salama. Ndege ya Nedivi ikaanza kujizungusha kuelekea chini. Akaituliza. Alipotazama upande wa kulia aliona wingu zito la mafuta yaliyokuwa yakivuja, na nyuma ya wingu lile hakuweza kuona kitu. Alichojua ni kwamba akipunguza mwendo ndege inataka kujipindua, na akiongeza inatulia. Kwa hiyo akaiheshimu hoja ya ndege: alitua kwa kasi ya kiasi cha kilomita 480 kwa saa, takriban mara mbili ya kawaida. Kulabu yake ilidaka waya wa njia ya kutulia na kung'oka, na ndege ikasimama mita chache tu kabla ya mwisho wa njia. Hapo ndipo alipogeuka ampe mkono mwenzake aliyekaa nyuma, na macho yake yakaangukia ubavuni: bawa la kulia halikuwapo. Lilikuwa limebaki kipande cha kama sentimita 60. McDonnell Douglas, watengenezaji wa ndege ile, hawakuamini mpaka walipoletewa picha. F-15 ina kiwiliwili kipana chenye ubapa, na katika kasi kubwa kiwiliwili chenyewe kilikuwa kinafanya kazi ya bawa. Ndege ilifungwa bawa jipya ikarudi kazini.

Nedivi alisema baadaye kwamba angejua bawa limekwenda, angeruka. Wengi hulichukulia hilo kama neno la kuchekesha. Mimi nalichukulia kama somo lenye uzito. Hakuwa na picha ya bawa kichwani ya kumtisha, kwa hiyo alibaki na jambo moja tu la kusikiliza, nalo ni kile ndege ilichokuwa inamwambia mkononi. Aliisikiliza, na jibu lilikuwa sahihi.

Na kama mtu ana shaka kwamba mkono mwepesi ndio siri, basi na amsikilize rubani Gary Foust. Tarehe 2 Februari 1970, katika mazoezi juu ya jimbo la Montana, F-106 yake iliingia katika mzunguko wa ubapa, ule ambao ndege inageuka kama pia huku ikidondoka, na usukani hauna tena mamlaka. Alijaribu yote aliyofundishwa. Mwisho akajifyatua. Papo hapo, kiti na mtu vilipotoka, uzito wa ndege ukahama, pua ikainama, hewa ikapita tena vizuri juu ya mabawa, na ndege ikaacha kuzunguka. Foust akiwa ananing'inia kwenye mwavuli wake aliitazama ikienda zake, imenyooka. Mwenzake alimwambia kwa redio kuwa afadhali arudi ndani. Ndege iliteremka yenyewe kwenye shamba lililofunikwa na theluji karibu na mji wa Big Sandy, ikatua kwa tumbo, ikateleza, ikasimama. Sherifu alipofika aliikuta injini bado inaunguruma na ndege inajongea kidogo kidogo juu ya theluji. Akashauriwa aiache imalize mafuta, na ilichukua saa 1 na dakika 45. Ilitengenezwa, ikaendelea kurushwa, na leo iko kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga mjini Dayton, Ohio, ambako yeyote anaweza kuitazama.

Haingekuwa haki kumcheka Foust. Ndege iliyosawazishwa vizuri inataka kuruka, ndivyo ilivyoumbwa. Alikuwa ameiacha imepangwa kwa nguvu ndogo na usukani umesawazishwa, na mpangilio ule ndio ulioishusha chini bila yeye. Kazi yake ilikuwa ndani ya ndege ile hata baada ya mwenyewe kutoka.

Kati ya wote ninaowasoma, ninayemheshimu kuliko wengine hakuwa na kisa kimoja kikubwa. Eric Brown, Mskoti mfupi wa Jeshi la Majini la Uingereza, alirusha aina 487 za ndege na kutua juu ya manowari mara 2,407. Tarehe 3 Desemba 1945 aliishusha Sea Vampire kwenye sitaha ya HMS Ocean, ndege ya kwanza ya jeti safi kutua juu ya manowari. Injini za jeti za wakati ule zilikuwa nzito kuitika: unasukuma wenzo, unahesabu, ndipo nguvu inakuja. Kwenye sitaha inayopanda na kushuka na mawimbi, kuchelewa huko kunaua. Ilimpasa aombe nguvu kabla hajaihitaji. Brown alikuwa mtu wa maandalizi. Kila ndege ngeni aliisoma kwanza, akaketi ndani yake na kuzijua swichi zake kabla ya kuiwasha. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 97. Mtu hafiki umri huo katika kazi ile kwa bahati pekee, wala kwa ujasiri pekee.

Tumrudie Pardo. Aliporudi kituoni hakupewa nishani. Alikaripiwa kwa kupoteza ndege ambayo, kwa hesabu za wakubwa, angeweza kuirudisha, na kamanda wake, Kanali Robin Olds, ndiye aliyemkinga asifikishwe mahakama ya kijeshi. Kwa miaka 22 kitendo kile kilibaki kuwa simulizi ya marubani, kikisimuliwa kwa wasioamini. Mwaka 1989 Pardo na Wayne walipewa Nyota ya Fedha. Ninaona ilichelewa mno, na ninaona karipio lile lilikuwa kosa. Jeshi lililipima tendo kwa idadi ya ndege. Yeye alikuwa amelipima kwa idadi ya watu wanaorudi nyumbani.

Miaka ilipopita Earl Aman alipatwa na ule ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli ya mwili mzima. Ulimnyang'anya sauti, kisha miguu. Pardo aliposikia aliwakusanya wenzake wa zamani, wakachangishana fedha. Walimnunulia Aman chombo cha kumsaidia kuzungumza, kiti cha magurudumu, na gari la kumbeba yeye na kiti chake. Bob Pardo alifariki Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka 89.